Tulivyoshindwa Kumuua Mwana wa Mfalme

Mwezi uliopita binti yangu alikuja kunisalimia, akaniwekea filamu ya vichekesho kwenye simu yake. Ilihusu waigizaji waliofulia, wanaoandaa tamthilia ya zamani katika ukumbi unaovuja. Upanga unakatika, ndevu za bandia zinadondokea kwenye uji, maiti anapiga chafya. Binti yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi kila baada ya dakika mbili nilikuwa nasema, "Pole, jamani. Pole sana."

"Mama, hii ni ya kuchekesha!"

"Najua. Ndiyo maana nawaonea huruma."

Siku ile sikumweleza, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kurudi mjini. Nitaeleza hapa, taratibu, maana mambo haya yakielezwa kwa haraka mtu anaweza kudhani tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa watu wanne wenye nia njema, na kosa lilikuwa langu.

Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, upande huu wa Usa River. Nilikuja nikiwa msichana kutoka Kondoa, nikaolewa huku, nikastaafia huku. Mwalimu akistaafu, majirani humletea barua za kusahihisha na watoto wa kuwafundisha masomo ya ziada. Mimi nililetewa jingine. Jumapili moja baada ya ibada, wanafunzi wangu watatu wa zamani walifika nyumbani wamevaa vizuri kana kwamba wamekuja kuposa, wakakaa kwenye kochi moja, wakasema wanataka kuigiza tamthilia ya kweli.

"Ya kweli ndiyo ipi?"

"Ile ya mfalme, Madam. Uliyotusomea kidato cha tatu."

Niliikumbuka. Ilikuwa tafsiri ya tamthilia ya kale, kitabu kilichookotwa stoo ya shule bila jalada na bila kurasa za mwanzo, hata sikuwahi kujua nani aliiandika. Hadithi yenyewe ni nyepesi kuifuata. Mfalme ana mwana mmoja. Malkia, ambaye ni mama wa kambo, anamsingizia kijana kwamba anataka kunyang'anya kiti. Mfalme anaamini, anamlaani mwanawe na kumfukuza. Kijana anarudi kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, anakataliwa, anakwenda kufia porini. Mfalme anapoujua ukweli amechelewa, naye anakufa. Darasani nilikuwa nikifika mwisho, wasichana wanalia na wavulana wanatazama dirishani.

Sasa nikutambulishe kwa hao watatu.

Malkia alikuwa na saluni Usa River, ingawa nyumbani kwake ni Akheri. Alikuwa ameonekana katika tamthilia mbili za mtandaoni, zote akiwa nesi, zote akisema, "Daktari anakuja." Mwana wa mfalme alikuwa fundi wa ving'amuzi kutoka Ngaramtoni, kijana mrefu aliyeshinda juu ya mabati ya watu akitafuta mawimbi. Aliwahi kwenda Dar es Salaam kufanyiwa usaili wa filamu, akapanga foleni siku mbili, akapewa nafasi ya maiti. Tangu hapo alikuwa na kiu ya kufa akiwa na maneno ya kusema.

Wa tatu alikuwa mfalme. Huyu ndiye hadithi yenyewe.

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, wazazi wake ni Wachaga wa Machame waliohamia Usa River zamani. Alikuwa na sauti. Nisemapo sauti, nina maana kwamba akikuomba chumvi unahisi umetangaziwa uhuru. Kwa bahati mbaya sauti hiyo ilikuwa imepata kazi kabla yake. Miaka michache nyuma, mfanyabiashara mmoja alimrekodi akitangaza dawa ya wadudu, na ile rekodi ikasambaa. Kila soko la mkoa huu kulikuwa na mtu mwenye spika begani, na ndani ya spika yumo mfalme wetu: "Panya! Mende! Kunguni! Viroboto! Weka leo, kesho unazoa!" Watoto walikuwa wakimwona njiani wanamalizia, "...unazoa!" Msibani alipoombwa asome wasifu wa marehemu, watu waliinamisha vichwa, si kwa huzuni.

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mstaafu, mtu wa koti na kofia hata jua likiwaka. Siku za soko alikuwa akiisikia ile spika inakuja, anabadili njia. Mtu akimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, anajibu, "Yuko na wadudu." Mwanawe aliposherehesha harusi moja ya ukoo, mzee alikaa mpaka utani wa kwanza, akachukua kofia yake, akaondoka. Harusi ya pili alikaa mpaka utani wa pili.

"Madam," mfalme aliniambia siku hiyo ya kochi, wenzake wakiwa wametoka nje kuangalia ng'ombe wangu, "mimi sitaki makofi. Nataka baba aje akae mpaka mwisho. Asichukue kofia. Akikaa mpaka mwisho, mimi nimemaliza."

Nikamwambia tutaanza Jumanne.

Tulifanyia mazoezi saluni, kwa sababu ilikuwa na vioo na mwigizaji anahitaji kujiona. Lakini saluni ina wateja, na mteja aliye chini ya draya hasikii vizuri, kwa hiyo anatoa maoni kwa sauti ya juu.

"HUYU SI WA DAWA YA PANYA?" aliuliza mama mmoja siku ya kwanza, katikati ya hotuba ya kiti cha enzi.

"Ndiye, yeyo," fundi wa ving'amuzi akamjibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Leo ni mfalme."

"ANATAWALA NINI?"

"Tulia, mama, utaungua masikio," akasema malkia, akimrekebishia draya.

Kasoro ya mfalme ilikuwa rahisi kuiona na ngumu kuiondoa. Ukitangaza sokoni unazungumza na watu wote, tena waliokupa mgongo. Unakata kila neno, unaliacha liende mbali, unalifuatisha jingine. Alipotakiwa kusema, "Nchi yangu, mwanangu, kiti changu," ilitoka, "Nchi! Mwana! Kiti!" na mimi mwenyewe nilikuwa nangojea kunguni. Sikumgombeza. Nilimwambia achague mtu mmoja tu ndani ya chumba, aseme naye kama anayemwomba ampishe. Alianza na malkia, wakacheka. Akajaribu kioo, akatangaza. Mwishowe nikamwambia, "Mwambie baba yako." Akasema ule mstari kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Hata mama wa draya akatoa kichwa nje.

Wiki sita tulikwenda hivyo. Kila siku panya walipungua.

Tukafikia mapambo. Tulikuwa tumepata ukumbi wa mikutano pale Akheri, chumba kirefu chenye jukwaa la saruji na ukuta mtupu wa kijani. Kasri haliwezi kuwa ukuta mtupu. Nikiwa natembea njiani nikaona ua wa shamba la jirani, wa masale. Masale ni mimea mirefu yenye majani membamba yaliyochongoka, hupandwa mipakani kuanzia Kilimanjaro mpaka huku Meru. Yalisimama wima, yamependeza, kila shina kama taji. Nikamwambia malkia atuletee ya kutosha kutoka shambani kwao.

Msomaji wa Machame au wa Akheri hapo ameshashika kichwa. Atulie, nitafika.

Malkia alinitazama. "Masale, Madam?"

"Ndiyo. Mengi. Yazunguke kiti cha mfalme pande zote."

"Pande zote," akarudia, akamtazama mfalme. Mfalme akatazama chini. Fundi wa ving'amuzi akaanza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Kisha wote watatu wakasema, "Sawa, Madam," kwa pamoja, kama kidato cha tatu.

Tulichagua Jumamosi moja ya mwezi wa saba, ya kufuatia tukiwa tumeipangia Ngaramtoni, saa tisa alasiri, ili tumalize kabla ya saa kumi na moja. Watu wa Akheri wana ng'ombe wa kukamua, na hakuna mfalme duniani anayeweza kushindana na kiwele kilichojaa. Baridi ilikuwa kali, mlima umejifunika wote. Watu walijaa wakiwa na majaketi na mablanketi, wazee tukawaweka mstari wa mbele kwa heshima. Mimi nilisimama pembeni ya jukwaa nyuma ya pazia, kitabu mkononi, niwakumbushe watakaosahau.

Saa tisa na robo baba yake mfalme aliingia. Koti, kofia. Alikaa mstari wa mbele, kiti cha pembeni karibu na mlango, akaiweka kofia gotini. Mfalme alimchungulia kupitia tundu la pazia.

"Amekaa karibu na mlango," akasema.

"Lakini amekaa," nikamwambia. "Mwambie yeye. Wengine wapite tu."

Mfalme aliingia jukwaani na joho la blanketi jekundu, akasimama kati ya masale, akafungua mdomo. Neno la kwanza tu, mtu nyuma akamalizia, "...unazoa!" na ukumbi ukaangua kicheko. Nilimwona baba yake anagusa ukingo wa kofia. Mfalme alingoja. Hakupandisha sauti kama angefanya zamani. Aliishusha. Alisema ule mstari wa nchi na mwana na kiti kana kwamba anaongea na mtu aliye umbali wa meza moja, na watu wa nyuma, ili wasikie, ikabidi wanyamaze. Baada ya dakika tano hakukuwa na panya mahali popote. Ule mkono ukatoka kwenye kofia.

Tulienda vizuri ajabu. Malkia alisingizia vizuri mpaka wanawake wakamsonya. Mfalme alimlaani mwanawe, na nilisikia ukumbi unavuta pumzi, maana huku laana ya baba si mchezo hata ikiwa mchezo. Mwana akafukuzwa. Tukafika pale anaporudi kuomba radhi. Kitabuni anapiga magoti, anashika pindo la joho, mfalme anasema, "Ondoka mbele yangu," na kijana anakwenda kufa.

Fundi wa ving'amuzi aliingia kwa kasi, amejaa huzuni. Alikuwa amevaa kandambili za tairi ambazo hakuwahi kuzifanyia mazoezi. Saruji ilikuwa na utelezi wa majani. Aliteleza, akadaka kilichokuwa karibu, kikang'oka, akaanguka kwa magoti mawili mbele ya mfalme. Mahali penyewe hasa alipotakiwa kuwa. Isipokuwa mkononi, badala ya pindo la joho, alikuwa ameshika isale, jani moja la yale masale yangu.

Wazee wa mstari wa mbele wakasogea ukingoni mwa viti.

Sasa nieleze. Kwa Wachaga, na kwa majirani zao wa huku mlimani, isale ni radhi. Mtu aliyekukosea, hata awe amekukosea namna gani, akija akiwa na jani la isale mkononi, umemalizana naye. Huliruki. Ndugu waliotaka kushikiana mapanga wamekaa chini kwa sababu ya jani lile. Mimi nilikuwa nimeyasikia haya miaka thelathini, kwenye vikao vya wakwe na matanga. Lakini kichwani mwangu yalikuwa mambo ya vikao, hayakuwa na uhusiano na mapambo. Nilikuwa nimemzungushia radhi pande zote mtu ambaye kazi yake jioni ile ilikuwa kukataa kusamehe.

Na wale watatu walijua. Baadaye nilipowauliza kwa nini hawakuniambia, malkia alisema, "Madam, wewe ulitufundisha kila kitu jukwaani ni ishara. Tukajua una maana yako ya ndani." Mfalme alisema, "Nilidhani ni mtihani."

Turudi jukwaani. Mfalme alilitazama lile jani. Akatazama kwangu. Nikamwonyesha mstari kitabuni kwa kidole, kana kwamba angeweza kuusoma kutoka pale. Nilikuwa mwongozaji, sikujua kufanya lolote zaidi ya kuongoza.

"Ondoka mbele yangu," mfalme akasema.

Jamani.

"We! Umepewa isale!" mama mmoja akapaza sauti.

"Analiruka! Analiruka isale!"

"Mfalme gani huyu? Hana ukoo?"

"Kijana, usiondoke! Kaa hapo hapo!"

Fundi wa ving'amuzi, aliyekuwa tayari anainuka kwenda kufa, akarudi chini. Na pale mstari wa mbele, baba yake mfalme akachukua kofia yake, akasimama.

Niliwaza, basi. Wiki sita. Mlango ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye kiti chake. Mfalme naye alikuwa ameona. Alikuwa amesema mstari kama ulivyoandikwa, tena vizuri, na kwa kuusema alikuwa amefanya mbele ya baba yake jambo ambalo mtoto wa ukoo ule halifanyi.

Mzee hakwenda mlangoni. Alikwenda jukwaani. Alipanda ngazi mbili za saruji polepole, kofia imeshikwa kifuani kwa mikono miwili, akasimama mbele ya kiti cha enzi, akainamisha kichwa.

"Mtukufu mfalme," akasema, "shikamoo."

Kila mtu ukumbini alijua ni baba yake. Walisali naye, walizika naye. Mzee wa miaka ile, anampa shikamoo mtoto aliyemzaa. Sijawahi kuona watu mia mbili wakiacha kukohoa kwa wakati mmoja, tena mwezi wa saba.

Niliyaona magoti ya mfalme yakianza kukunjika yenyewe. Mwili ulishafundishwa tangu utotoni: mbele ya mzee huyu unainama, unasalimu wewe. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kutengeneza "shi." Na mimi, mwalimu wa miaka thelathini, sikujua nimwombee aseme nini. Akirudisha shikamoo, atakuwa mtoto mwema na hakuna tena mfalme; ni mtu wa dawa ya panya aliyevaa blanketi. Akiitikia, atakuwa ameitikia shikamoo ya baba yake mzazi mbele ya ukoo mzima.

Alishika mkono wa kiti. Magoti yakanyooka.

"Marahaba," akasema, kwa ile sauti ya chini. "Marahaba, mzee. Sema shida yako."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu." Mzee hakutikisika.

"Shida yangu si kubwa, mtukufu. Mimi ni raia wako tu. Huyu kijana umesema amekosa. Hatubishani na mfalme. Ila amekuja na isale, na sisi raia tumeona. Hata mfalme haliruki. Ukiliruka leo, kesho sisi tutaambiana nini mipakani?"

"Kweli!" wakaitika wazee wa mbele.

Mfalme alikaa. Alimtazama mwanawe, alimtazama mzee. Nilifungua kurasa mbele na nyuma, nikijua vizuri kwamba tulikuwa kwenye ukurasa ambao haujawahi kuandikwa. Kisha mfalme akashuka kwenye kiti, akalipokea lile jani kwa mikono miwili, na ukumbi ukapasuka kwa vigelegele.

Ningeweza kufunga pazia hapo. Lakini wewe hujawahi kuwaona watu wa huku wakiwa na kikao kilichoanza vizuri. Wazee wengine wawili walipanda jukwaani na viti vyao. Radhi imetolewa, wakasema, sasa tujue chanzo.

"Nani aliyaleta maneno haya kwa mfalme?" akauliza baba yake mfalme.

Vidole vyote vikamwelekea malkia.

"Mimi nilisikia tu kwa watu," malkia akasema. Alikuwa amezoea mistari ya maneno mawili.

"Watu gani? Wataje."

Malkia akageukia pazia. "Madam, niwataje?"

Nilimpa ishara kwa mkono: taja yeyote, endelea, Mungu atusaidie.

"Mtumishi wa jikoni," akasema.

"Aitwe."

Hatukuwa na mtumishi wa jikoni. Tulikuwa watu wanne, na mmoja alikuwa mimi. Mama mmoja mstari wa tatu akatuokoa: "Amesafiri! Amekwenda Ngaramtoni sokoni!"

"Basi kesi yake inangoja," mzee akasema, na mwenzake mmoja akaiandika kweli kwenye karatasi.

Wakati huo fundi wa ving'amuzi alikuwa amenijia nyuma ya pazia kwa magoti, jasho linamtoka. "Madam," akanong'ona, "sasa mimi sifi?"

"Umesamehewa, mwanangu."

"Madam, nimefanya mazoezi ya kufa wiki sita."

"Najua."

"Hata kidogo tu?"

Nilimshika bega. Kumfundisha mtu kupokea msamaha kumbe ni kazi ngumu kuliko kumfundisha kufa.

Saa kumi na moja kasorobo ng'ombe wakaanza kuita kutoka mashambani, na watu wakaanza kujipapasa. Kikao cha wazee hakifungwi bila sala. Kwa hiyo tamthilia yetu, ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikiishia na maiti wawili jukwaani, iliishia kwa sala fupi iliyoongozwa na mzee wa kanisa, mfalme akiwa amevua taji, malkia amefumba macho akiwa bado na kesi. Watu wakasema amina, wakapiga makofi, wakatoka wakibishana kwa sauti kubwa kuhusu mama wa kambo.

Wanawake wawili walibaki kukunja mikeka. Fundi wa ving'amuzi akawaomba dakika tano, akafa mbele yao, yote, kuanzia "Ewe pori" mpaka pumzi ya mwisho. Walimwangalia kwa adabu. Alipomaliza, mmoja akasema, "Pole, mwanangu," na mwingine akamuuliza kama anaweza kushika upande ule wa mkeka.

Nilitoka nje nikawakuta baba na mwana karibu na mlango. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mfalme alikuwa bado na blanketi lake, amesimama kama mtu anayengoja matokeo. Nilitaka kurudi ndani, lakini mzee alinipungia mkono nisimame.

"Ulinijibu marahaba," akamwambia mwanawe.

"Nisamehe, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akaiweka kofia kichwani, akairekebisha. "Ungenijibu shikamoo pale juu, ningeondoka zangu."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu ningejua ni wewe tu."

Mfalme akafungua mdomo. Mtu mwenye sauti ya mkoa mzima, haikumtoka hata chembe. Nikatazama migomba kwa makini sana.

"Jumamosi ijayo mnakwenda wapi?" mzee akauliza, na kwa kuwa mwanawe alikuwa bado hajapata sauti, nilijibu mimi.

"Ngaramtoni, baba. Saa tisa kamili."

"Kamili ya kanisa au kamili ya wasanii?"

"Ya kanisa, baba," mfalme akasema hatimaye.

"Haya. Nitakuja na wale wenzangu wawili, mtuwekee viti mbele, katikati, si pale mlangoni penye upepo. Na huyo malkia mwambieni aje na mtumishi wa jikoni. Hatujamaliza naye."

Akaondoka kwenye ukungu, hatua za mtu mwenye shughuli. Nyuma yangu, kupitia dirishani, nikasikia sauti ya mtu aliyekuwa akisikiliza muda wote.

"Madam," malkia akasema, "mimi Jumamosi naumwa."